Mbunge wetu anawatetea wanawake bungeni na kuwadharau chamani: tumwajibishe vipi?

"Mimi ni katibu wa tawi katika chama ambacho nimekitumikia kwa miaka 11. Mbunge wetu anasifiwa nje kama mtetezi wa wanawake, na kweli ameunga mkono sheria kadhaa nzuri. Ndani ya vikao ni mtu mwingine. Wanawake wanaotaka kugombea anawauliza nani atawalea watoto wao, anawakatiza wakizungumza, na mwaka jana alimwambia mjumbe mwenzetu mbele ya kamati nzima kwamba alipata nafasi yake 'kwa sura'. Hivi karibuni wanawake wawili vijana wanaojitolea ofisini kwake wamenieleza kwamba anawapigia simu usiku na kuwaahidi vyeo. Nilipomweleza mwenyekiti alinijibu: 'Funika kombe mwanaharamu apite, uchaguzi umekaribia.' Jumuiya yetu ya wanawake nayo inasema tusiwape wapinzani fimbo ya kutuchapia. Je, nikinyamaza ninashiriki? Nikisema, ninakisaliti chama? Na kama ni kusema, nianzie wapi?"

Ndugu msomaji, nimeisoma barua yako mara mbili, na kabla sijajibu swali lolote ninakuomba tuifungue, kwa sababu ndani yake mna mambo mawili yaliyofungwa pamoja ambayo hayapiti njia moja. La kwanza ni ubaguzi wa kijinsia: kukatizwa, maswali ya malezi ambayo mgombea wa kiume haulizwi, na ile kauli ya "sura". Hilo ni kosa la maadili, na kwa sehemu kubwa litaamuliwa na chama chenyewe. La pili ni simu za usiku kwa wanawake wanaojitolea, zikiambatana na ahadi za vyeo. Hilo si utovu wa adabu tu; linaelekea kuwa unyanyasaji wa kingono, na pengine rushwa ya ngono, mambo ambayo chama hakina mamlaka ya kuyamaliza peke yake chumbani. Ukiyapeleka yote katika barua moja, uzoefu wangu wa kuvishauri vyama kuhusu kanuni za maadili unaniambia kwamba watalijibu lile jepesi kwa maneno mengi, kisha walinyamazie lile zito.

Ninahisi pia kwamba jambo linalokusumbua zaidi ni ule mgongano wa sifa zake na mwenendo wake, kana kwamba kimojawapo lazima kiwe uongo. Si lazima. Mwanasiasa anayepiga kura kuunga mkono sheria ya usawa hapotezi chochote siku hiyo. Sheria inawahusu waajiri, shule, mahakama, watu walio mbali naye. Kumwachia mwanamke kiti katika kamati yake mwenyewe kunamgharimu kiti, au kunamgharimu rafiki yake. Ndiyo maana rekodi ya bungeni haiwezi kuwa ushahidi wa mwenendo wa chamani, kwa wema wala kwa ubaya. Mwezi Agosti 2019 Andrew Cuomo, aliyekuwa gavana wa New York, alitia saini sheria iliyomrahisishia mfanyakazi kulalamikia unyanyasaji wa kingono, kwa kuondoa sharti la kuthibitisha kwamba unyanyasaji huo ulikuwa mkali mno au ulienea mno. Miaka miwili baadaye, Agosti 2021, ripoti iliyotolewa na Letitia James, Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo na mwanachama wa chama kilekile cha Democratic, ilisema kwamba gavana huyo aliwanyanyasa wanawake 11. Alikanusha, lakini alijiuzulu mwezi huohuo. Ninautaja mfano huu kwa sababu ya jambo moja: aliyeisimamia ripoti hakutoka upande wa pili. Alikuwa wa chama chake, mwenye ofisi yake na mamlaka yake yaliyoandikwa.

Nyani haoni kundule, na vyama vya siasa havioni pia. Hotuba ya Julia Gillard, waziri mkuu wa Australia wakati huo, ya tarehe 9 Oktoba 2012 katika bunge la Australia, alipomshambulia kiongozi wa upinzani kwa kuwadharau wanawake, imesikilizwa duniani kote, na mimi naiheshimu. Linalosahaulika ni hoja iliyokuwa mezani siku ile: upinzani ulitaka kumwondoa Spika Peter Slipper, ambaye ujumbe wake wa simu wenye maneno ya kuwadhalilisha wanawake ulikuwa umefichuka, na serikali ya Gillard, iliyonufaika na kuwapo kwake kitini katika bunge ambalo kura zilikuwa za kuhesabiwa kwa vidole, ilipiga kura abaki. Kubaki alibaki kwa saa chache tu, kwani alijiuzulu siku hiyohiyo. Ikiwa kiongozi aliyeyajua madhara hayo katika mwili wake alijikuta upande huo wa hesabu, usishangae mwenyekiti wa tawi lako kuwa huko.

Maana ni hesabu, na ukiielewa utajua pa kuigusa. Lalamiko lina gharama zinazoonekana: jina, tarehe, kichwa cha habari, kura zinazoweza kupotea. Ukimya una gharama kubwa pengine kuliko hizo, lakini hakuna anayeziandika. Mwanamke aliyekusudia kugombea akaghairi hatoi taarifa kwa vyombo vya habari. Kijana wa kujitolea anayeacha kuja ofisini anadhaniwa amepata shughuli nyingine. Mjumbe aliyeambiwa ni "sura" anaacha kuchangia, na baada ya mwaka mmoja watu wanasema hana mchango. Kwa hiyo mwenyekiti anapolinganisha, upande mmoja wa mizani una mawe na mwingine hauna kitu, naye kwa dhati kabisa anaamini amefanya busara. Yeyote anayetaka kumwajibisha mwanasiasa ndani ya chama chake ana kazi moja kabla ya nyingine zote, nayo ni kuuandika ule upande mtupu, ili kutochukua hatua nako kuwe uamuzi wenye tarehe na wenye jina la mtu.

Kuna mambo mawili yanayolifanya hili liwe gumu chamani kuliko kazini. Mlalamikiwa mara nyingi ndiye anayeshika mlango wa uteuzi, au ana sauti kwa wanaoushika, na wajumbe wa kamati ya maadili wenyewe wanautaka mlango huohuo. Pili, wanaoumia wengi hawana mkataba. Mtu wa kujitolea akienda kwa ofisa wa kazi anaulizwa barua ya ajira, naye hana. Hapa pana habari njema isiyojulikana vya kutosha: Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Juni 2021, unawataja kwa jina watu wanaojitolea, walio mafunzoni na wanaotafuta kazi miongoni mwa wanaopaswa kulindwa dhidi ya ukatili na unyanyasaji. Mkataba huo unaibana serikali iliyouridhia, haukibani chama moja kwa moja. Hata hivyo, kama nchi yako imeuridhia, barua yako inaweza kuutaja, na mwanasheria wa chama akiona umetajwa ataisoma kwa makini zaidi.

Wala usidhani tawi lako ni la ajabu. Mwaka 2016 Umoja wa Mabunge Duniani uliwahoji wabunge wanawake 55 kutoka nchi 39, na asilimia 81.8 kati yao walisema wamepatwa na ukatili wa kisaikolojia katika kazi yao. Wahojiwa 55 ni wachache, na sitaki uichukue asilimia hiyo kama kipimo cha dunia nzima. Lakini waliohojiwa walikuwa wabunge, watu waliokwisha kufika juu, na miongoni mwa waliowatendea hayo walitajwa wenzao wa chama kilekile.

Sasa nije kwenye fimbo ya wapinzani, kwa sababu hoja hii haistahili kubezwa. Ni kweli wataitumia. Ni kweli pia kwamba anayesema hulipa. Desemba 2017, seneta Kirsten Gillibrand wa Marekani alikuwa wa kwanza kati ya maseneta wa Democratic kumtaka hadharani mwenzao, Al Franken, ajiuzulu baada ya wanawake kadhaa kumlalamikia. Wengine wengi walimfuata ndani ya saa chache, Franken akatangaza kuondoka siku iliyofuata, lakini aliyekumbukwa na kulaumiwa kwa miaka baadaye, hata na baadhi ya wafadhili wa chama, ni yule wa kwanza. Kisa hicho kina somo la pili ambalo wenzangu wengi hawapendi kulitaja: Franken alikuwa ameomba kamati ya maadili ya Seneti imchunguze, akaondoka kabla haijamaliza, na baadhi ya waliomtaka aondoke walikuja kusema kwamba wanajutia haraka ile. Mimi sisomi hapo kwamba Gillibrand alikosea. Ninasoma kwamba chama kisichokuwa na utaratibu unaoaminika huwaachia watu wake njia mbili tu, kunyamaza au kupiga kelele, na zote mbili zinamwonea mtu.

Ila mwambie mwenyekiti wako hivi: kufunika hakuiondoi fimbo, kunairefusha. Leo swali ni moja, mbunge alifanya nini. Jambo likifichuka baada ya ukimya, swali linakuwa nani alijua, alijua lini, na kwa nini hakufanya kitu. Na jibu la swali hilo linaanza na jina la mwenyekiti. Nimewaona viongozi ambao hawakuguswa hata kidogo na mateso ya walalamikaji wakiguswa mara moja na sentensi hiyo. Si jambo la kupendeza, lakini linafanya kazi.

Kuhusu kukaribia kwa uchaguzi, hapo sikubaliani naye kabisa, na nafikiri anakueleza bila kukusudia wakati wako wa nguvu ni upi. Kabla ya orodha ya wagombea kufungwa, chama kinakuhitaji: kinahitaji watembezaji wa kampeni, mawakala, waandikaji wa mihtasari, watu wa kujaza mikutano. Baada ya kura kuhesabiwa utaambiwa usubiri miaka mingine. Nchini Sweden, uwiano wa wanawake bungeni uliposhuka katika uchaguzi wa 1991, mtandao wa wanawake uliojiita "soksi za kukaza miguu" ulitishia kusimamisha orodha ya wanawake pekee katika uchaguzi uliofuata. Hawakulazimika kufanya hivyo. Chama cha Social Democratic kilikubali kupanga wagombea wake kwa kupishanisha mwanamke na mwanamume, na katika uchaguzi wa 1994 wanawake walifikia takriban asilimia 40 ya wabunge. Waliipata hatua hiyo kwa sababu walikuwa wengi, walisema mapema, na chama kiliamini kwamba wanamaanisha.

Jumuiya yenu ya wanawake usiikasirikie. Mara nyingi jumuiya hizi hupewa jina, sare na bajeti ndogo, lakini hazipewi mamlaka ya kumwadhibu mtu yeyote, na viongozi wake wanasubiri uteuzi kutoka kwa walewale. Wape nafasi ya kuungana nawe, lakini usikubali lalamiko lako lielekezwe kwao kana kwamba ni jambo la wanawake. Mwenye wajibu ni chombo cha nidhamu cha chama. Tahadhari pia na dawa za bandia. Februari 2021, Yoshiro Mori, waziri mkuu wa zamani wa Japani, alisema kwamba vikao vyenye wanawake hurefuka kwa sababu wanazungumza mno, akajiuzulu uenyekiti wa kamati ya Olimpiki ya Tokyo. Siku chache baadaye chama chake, LDP, kilipendekeza kuwaalika wabunge wanawake watano katika vikao vyake vikuu, wawe watazamaji, bila ruhusa ya kuzungumza. Mtakapopewa semina, kongamano au kamati ya ushauri, jiulizeni kama kuna mtu yeyote aliyepoteza au kupata madaraka kwa hatua hiyo.

Uanzie wapi? Anza na katiba ya chama na kanuni zake za maadili, usome wewe mwenyewe, utafute ni kifungu gani kinahusu udhalilishaji, ni kiongozi gani mwenye wajibu wa kupokea malalamiko, na ana siku ngapi za kujibu. Kisha andika kumbukumbu yako: tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, waliokuwapo. Tenganisha uliyoyaona kwa macho na uliyoelezwa, na usiongeze chumvi hata punje, kwa maana punje hiyo moja ndiyo itakayojadiliwa. Usiihifadhi katika simu au kompyuta ya chama.

Habari ya wale vijana wawili ni yao, si yako. Hili nalisisitiza kwa sababu watu wenye nia njema hulikosea mara nyingi. Usiyataje majina yao, wala usiweke maelezo yatakayowatambulisha, bila ridhaa yao ya wazi. Waeleze njia zilizopo, waache wachague, na hata wakichagua kungoja, wasaidie kuzitunza kumbukumbu za simu na ujumbe bila kufuta kitu. Wakati huohuo unaweza, bila kumtaja mtu, kuomba kwamba watu wote wa kujitolea wasimamiwe na ofisa mwingine, si mbunge mwenyewe. Ombi hilo halimhukumu mtu, ni vigumu kulikataa, na linapunguza hatari kuanzia wiki hii.

Barua yenyewe iwe fupi. Mwandikie yule ambaye kanuni inamtaja, nakala kwa ngazi ya juu yake, na mkiweza iwe na saini zaidi ya moja, zikiwamo za wanaume waliokuwa kikaoni. Usiombe kichwa cha mbunge, omba uamuzi. Taka kujulishwa kwa maandishi kwamba barua imepokewa, ni kifungu kipi kitatumika, nani ataamua na kufikia tarehe gani, na uombe kwamba yeyote ambaye uteuzi wake unategemea neno la mbunge ajiondoe katika shauri hilo. Mbunge naye apewe madai yote na nafasi ya kujibu. Unamdai hivyo kwa sababu ni haki yake, na kwa sababu uamuzi uliofikiwa bila kumsikiliza unaweza kubatilishwa kwenye rufaa ya kwanza.

Wakikataa au wakinyamaza, toka ngazi hadi ngazi ndani ya chama, halafu angalia nje. Baadhi ya mabunge yana vyombo vya malalamiko. Bunge la Uingereza lilianzisha utaratibu wake huru mwezi Julai 2018, ingawa vyombo vya aina hiyo kwa kawaida havigusi yanayotendeka katika vikao vya chama. Baadhi ya nchi zimetunga sheria mahususi: Bolivia mwaka 2012, na Mexico, ambayo kwa marekebisho ya Aprili 2020 ilifungua njia ya kuwaweka waliotiwa hatiani katika daftari linaloonekana na umma. Tafuta kama nchi yako ina kitu kinachofanana na hivyo, ama katika sheria ya vyama ama katika ya uchaguzi.

Vyombo vya habari viwe mwisho, na usiende huko bila kuonana na mwanasheria. Mwaka 2016, wanawake kadhaa wa chama cha kijani cha Ufaransa walimtuhumu hadharani Denis Baupin, makamu wa spika wa bunge, kwa unyanyasaji wa kingono. Alikanusha, na jalada la jinai lilifungwa kwa sababu muda wa kisheria ulikuwa umepita. Kisha akawashtaki wanawake hao na waandishi wa habari kwa kumchafulia jina. Alishindwa mahakamani mwaka 2019, lakini hebu fikiria miaka ile mitatu ilivyokuwa kwao. Saa ya sheria inakwenda hata mnapongoja majibu ya chama, kwa hiyo muulize mwanasheria swali la muda kabla ya swali lingine lolote.

Yako mambo ambayo hayangoji barua. Ikiwa kuna mtu ameguswa bila ridhaa, ameombwa ngono kwa ajili ya nafasi, au ametishwa, nenda naye ana kwa ana polisi, hospitalini, au kwa shirika la msaada wa kisheria la karibu, na usiruhusu mtu yeyote chamani akuambie kwamba ni sharti mpite kwao kwanza. Vitisho usivihesabu kuwa sehemu ya siasa. Juana Quispe, diwani wa Bolivia aliyezuiwa kuingia katika vikao vya halmashauri yake na kushinikizwa ajiuzulu, aliuawa Machi 2012, na sheria niliyoitaja ilipitishwa miezi michache baada ya kifo chake. Na wewe mwenyewe, ukiona usingizi umepotea au unaogopa kwenda vikaoni, zungumza na mshauri nasaha asiye mwanachama.

Umeuliza kama wewe ni msaliti. Kikulacho ki nguoni mwako, na anayekionyesha hajakileta yeye. Umeuliza pia kama kunyamaza ni kushiriki, nami nitakujibu kwa uwazi ambao barua yako inaustahili: hujanyamaza, ulimweleza mwenyekiti, lakini ulimweleza kwa mdomo, na wewe ndiye katibu. Kauli ya "sura" ilitolewa mbele ya kamati. Je, imo katika muhtasari wa kikao kile? Kama haimo, una njia halali ya kuirudisha: kikao kijacho, wakati wa kuthibitisha muhtasari au chini ya yatokanayo, eleza kwamba kauli hiyo ilitolewa, aliyeambiwa akiwa ameridhia, na uombe iingizwe, pamoja na jibu la kikao. Usiiweke chini ya mengineyo, kwa sababu hapo watu wameshaanza kukusanya mikoba yao.